Siku ya fundi friji: kutoka Mwanjelwa hadi Ubaruku

Saa 11 alfajiri. Mwanjelwa bado ni baridi ya kuvaa koti, hata Novemba. Napakia mtungi wa gesi, kompresa ya mtumba (pampu inayosukuma gesi ya friji) na vifaa vya kuchomelea. Wateja wangu wengi wako chini, bonde la Usangu. Hapa Mbeya mjini friji inapata muda wa kupumzika, na fundi naye anapumzika na njaa.

Saa 2 asubuhi. Igawa. Koti limeshaingia kwenye begi. Mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huku ni elfu moja na kidogo, na kila ukishuka mita elfu joto hupanda nyuzi 6 hivi.

Saa 3. Ubaruku.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Friza imekufa na samaki wamo.”

Friza imebanwa ukutani, chini ya bati lisilo na dari. Ugonjwa ni huohuo. Friji inachota joto la ndani na kulitupa nje kupitia vibomba vya mgongoni. Hewa ya nje ikiwa ya moto, joto halina pa kwenda. Kompresa inazunguka kutwa bila kukata na uniti za LUKU zinayeyuka. Mchana kila nyumba imewasha feni, umeme unapungua nguvu, kompresa inanguruma tu bila kuwaka, mwisho inaungua. Nabadilisha kompresa, najaza gesi, naivuta friza mbali na ukuta. Samaki wa jana amewakaanga na kuwauza bei ya kutupa.

Saa 6 mchana. Sigusi kazi. Kuchomelea bomba la shaba chini ya bati saa hizi ni kutafuta kuzimia. Nakaa mwembeni na vibarua wanaoandaa majaruba ya mpunga. Wameingia shambani gizani, saa 4 wametoka, na kwa kuwa wanalipwa kwa kipande, mchana huu hakuna anayewalipa. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba kufikia 2030 joto litakula asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, sawa na ajira milioni 80, na asilimia 60 ya hasara hiyo itakuwa kwenye kilimo. Mzee mmoja hapa hofu yake ni Machi na Aprili: joto likipita nyuzi 35 mpunga ukiwa unachanua, unavuna mapepe, maganda yasiyo na punje.

Saa 9 alasiri. Duka la dawa. Friji ya insulini, dawa ya kisukari inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, imeungua plagi. Kazi fupi. Wagonjwa wasio na friji, dada wa duka anawafundisha kuipoza kwenye chungu kilicho ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Nimemsifu, ingawa chungu hakinipi kazi.

Saa 11 jioni. Kwa mfugaji. Kuku wanahema midomo wazi. Kuhema kule kunavuruga kalisi ya ganda, mayai yanapasuka trei nzimanzima. Anataka feni. Namwambia aezeke nyasi juu ya bati kwanza.

Saa 12. Mama wa samaki ananipa nusu ya pesa, nusu nyingine baada ya mavuno. Mavuno ni Juni. Nimekubali, gesi ishaingia kwenye friza, siwezi kuirudisha mtungini.