Sikio la Zabibu

Marehemu bibi yangu akiamini kuwa paka wa nyumba ni mtu wa nyumba. Zabibu, paka wetu wa pale Wete, Pemba, akila kabla yetu: samaki changu akishaiva tu, kichwa chake kinatolewa kwanza. Kwa hiyo masika ya 2014, Zabibu alipoanza kujikuna sikio usiku kucha na kutikisa kichwa bila kupumzika, nyumba nzima tulikosa usingizi.

Sikio la kushoto lilijaa uchafu mweusi, mkavu, kama kahawa iliyosagwa. Nyuma yake manyoya yalikwisha, ngozi inatoka damu. Tumboni nako vilimtoka vipele vyekundu.

Ushauri ulitoka kila baraza. Jirani mmoja alitaka kitunguu saumu kipondwe, kichanganywe na mafuta ya nazi ya vuguvugu. Mwengine alileta kichupa cha matone aliyoandikiwa mwanawe alipougua sikio. Alitupa kwa moyo safi kabisa. Bibi alikipokea, akashukuru, akakiweka juu ya kabati. "Atazamwe kwanza," akasema.

Tukamtia Zabibu kwenye kikapu, tukamfunika kanga, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Waliotutangulia walikuja kwa mambo ya ng'ombe na mbuzi, lakini daktari alimpokea paka wetu kwa uzito uleule.

"Shikamoo, Bibi. Kabla sijatia kitu humu, lazima niione ngoma ya sikio."

Alitueleza huku akimulika ndani. Ngoma ikiwa imetoboka, baadhi ya matone hupenya mpaka sikio la ndani, na paka anaweza kuwa kiziwi au akawa anayumba akitembea. Ya Zabibu ilikuwa nzima. Kisha akachota uchafu kwa pamba, akaupangusa juu ya karatasi nyeusi, akatuita tutazame karibu. Vidoa vyeupe vilikuwa vinatembea! Ulikuwa utitiri wa masikio.

"Matone ya yule mtoto ni ya kuua bakteria," akasema daktari, Bibi alipomtajia kile kichupa. "Hawa ni wadudu, Bibi. Yasingewafanya kitu."

Vipele vya tumboni vilikuwa jambo jengine: aleji ya mate ya viroboto. Kwa hivyo alimwandikia vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza aleji na mwasho, akasisitiza tuvipunguze kidogo kidogo kama alivyopanga, tusivikate ghafla. Kabatini alikuwa na ivermektini ya sindano, dawa ya kuua wadudu na minyoo, ile ya asilimia 1 wanayochomwa ng'ombe. Bibi akaiulizia. Daktari akakataa: kwa paka wa kilo 3, kukosea kipimo kidogo tu kunaweza kumdhuru ubongo. Akaandika cheti cha selamektini, dawa ya utitiri na viroboto inayodondoshwa kwenye ngozi ya shingo, na uzito wa Zabibu akauandika juu.

Wete haikupatikana. Dada yangu aliyekuwa Unguja akaenda kuitafuta, akapiga simu: muuzaji wa duka la dawa za mifugo anasema imekwisha, lakini ipo ya viroboto vya mbwa, "ni ileile." Nikamwomba anisomee maandishi ya pakiti. Permetrini. Nikakimbia kwa daktari. "Mwambie asithubutu!" Mbwa huivumilia, alisema, lakini mwili wa paka hushindwa kuiondoa, hutetemeka, hushikwa na degedege, na wengi hufa. Mpaka leo nikiona watu wanagawana dawa ya mbwa na paka, roho yangu haitulii.

Dada akangoja mzigo mpya. Dawa ikaja na boti mpaka bandari ya Mkoani, ndugu mmoja akatuletea. Bibi mwenyewe ndiye aliyemshika Zabibu, nami nikayagawa manyoya ya kisogoni, pale ambapo ulimi wake haufiki, nikadondosha. Paka wa jirani waliokuwa wakilala naye nao wakapimwa uzito, wakatiwa dawa, maana utitiri hupita kwa mmoja mpaka mwengine. Baada ya mwezi tukarudia, kama cheti kilivyosema.

Masikio yakapona. Viroboto ndio waliotusumbua zaidi, kwa sababu mayai yao hudondoka kutoka kwa paka yakabaki kwenye matandiko na nyufa za sakafu. Bibi akaamrisha kila mkeka utolewe juani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na sakafu ifagiliwe asubuhi na jioni. Wajukuu tulilalamika, yeye akatuongezea na mito ya wageni.