Usikwaruze Shingo ya Kipandikizi

Ushauri unaonichosha kuliko wote katika kazi ya vipandikizi vya meno ni huu: "Kwaruza shingo kidogo na bari, ufizi upate pa kushika." Shingo ni kile kipande kinachofungwa juu ya kipandikizi na kupita kwenye ufizi, na bari ni kekee ndogo ya daktari wa meno. Ushauri huo umezagaa Nairobi, na utausikia hata kwenye kliniki za Upper Hill zenye vifaa vya bei mbaya. Anayeutoa hukimbilia mfano wa mfupa. Ni kweli, mfupa hupenda ukwaruzo. Vipandikizi vya Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza huko Uswidi mwaka 1965, vilichongwa kwa mashine tu. Vya leo vingi hupigwa mchanga kisha huliwa na asidi mpaka ukwaruzo wa mikromita 1 hadi 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na mfupa huvishika mapema zaidi. Lakini hiyo ni sehemu inayozama mfupani.

Kwenye jino la asili, nyuzi za kolageni hujichimbia ndani ya mzizi. Kwenye titani, chuma cha kipandikizi, haziingii, nyingi hupita sambamba na chuma au kukizunguka kama ukanda kiunoni. Kinachoziba mlango ni ngozi ya ufizi ya kama milimita 2, na chini yake tishu ya milimita 1 hadi 1.5. Ukipitisha bari hapo, umewachimbia bakteria mashimo ambayo mswaki haufiki. Mpaka wa kukumbuka ni ukwaruzo wa mikromita 0.2: ukiuvuka, ukoga huongezeka, ukishuka chini yake, hupati faida ya maana. Kwa hiyo wanaong'arisha mpaka wajione usoni nao wanapoteza muda. Kuna mifereji ya leza yenye upana wa mikromita 8 ambayo nyuzi zimeonekana kusimama wima juu yake, ila hiyo huchongwa kiwandani kwa mpangilio, si kwa mkono wa mtu na bari.

Kazi ikitoka maabara siipeleki mdomoni kabla ya mtihani wa wino. Kwanza naifunga shingo kwa skrubu kwenye kipandikizi cha mfano, kile kinachokaa ndani ya plasta. Usiruke hatua hii. Raba ya kung'arishia ikigusa pale chuma kinapokaa juu ya chuma, kona inakuwa mviringo, unabaki upenyo, na upenyo huo hakuna king'arisho kitakachouziba. Kisha napaka shingo yote kalamu nyeusi ya wino usiofutika, naacha ikauke, napitisha shashi yenye spiriti kidogo, mara moja tu. Uso unabaki safi na kila mkwaruzo unabaki na mstari mweusi. Washa tochi ya simu, ishike kwa ubavu, utaona alama za mashine ambazo fundi aliapa hazipo.

Hapo naanza na raba ngumu, ya kati, kisha laini, kasi ndogo, mkono mwepesi. Ujanja wenyewe uko kwenye mwelekeo: raba ya kwanza ikizunguka shingo, ya pili ipite juu-chini, ya tatu izunguke tena. Mistari ya raba iliyotangulia ikikatiza njia, hujaimaliza, usibadilishe bado. Ukikandamiza, titani inapata joto na kupakaa badala ya kung'aa. Rudia wino. Ukifutika wote kwa shashi, imetosha.

Shingo ya zirkonia, ile kauri nyeupe, ina raba zake zenye vumbi la almasi. Humo namwambia fundi mapema, "Glezi isishuke chini ya mstari wa ufizi," yaani ule utando wa kioo unaopakwa juu ya kauri. Chini ya ufizi nataka zirkonia tupu iliyong'arishwa.

Usafi: dakika 5 kwenye mashine ya mawimbi na sabuni, suuza, dakika 5 tena kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu ya bomba huacha madoa ya chumvi. Halafu otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi joto 121 za Selsiasi kwa dakika 15.

Kofia ya kuponyea, kile kifuniko cha muda kinachokaa juu ya kipandikizi ufizi ukipona, situmii mara ya pili. Ni elfu chache tu, iingize kwenye bei tangu mwanzo. Otoklevu huua vijidudu, haiondoi mabaki ya protini yaliyoganda kwenye chuma, na ufizi unaopona haujali kuwa yamepikwa.

Ung'arishaji hauokoi ufizi mwembamba. Ukiwa na unene chini ya milimita 2, mfupa utashuka kujitafutia nafasi, hivyo pima kwa kipimo cha fizi kabla ya kuchimba. Baada ya upasuaji subiri wiki 6 hadi 8 kizuizi kikomae. Na usifungue-funge shingo kila mgonjwa anapokuja, maana kila ukiitoa unachana ulichokuwa ukingoja.

Halafu kazi yote hiyo huharibiwa kwa dakika moja na kifaa cha chuma cha pua cha kukwangulia ukoga. Tumia cha plastiki au cha titani, au mashine ya kupuliza unga wa glisini. Mgonjwa akihamia kwa daktari mwingine, mwandikie kwenye kadi kwa herufi kubwa, ukitaja namba ya jino, kwa mfano: jino 36, kipandikizi, hakuna chuma cha pua.