Kuba jeupe la Wasserkuppe

Mwaka 2011 nilikuwa natimiza miaka minne Ujerumani, na akiba yangu yote ikaishia kwenye ndege ya mfano isiyo na injini, mabawa mita tatu na ushei. Ilikuwa mtumba. Mwili wake mweusi, mwembamba kama mua, ulitengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Mwenyewe wa kwanza aliirusha miaka mingi kwa redio ya megahezi 35, ile yenye antena ya waya wa karibu mita moja unaoning'inia hadi mkiani. Mimi nikauona ule waya ni ushamba. Nikaung'oa, nikafunga risiva mpya, yaani kipokezi cha amri za rimoti, ya gigahezi 2.4, na viantena vyake viwili nikavikunja ndani ya pua visionekane.

Jumamosi moja ya Septemba nikapanda nayo Wasserkuppe, mlima wa mita 950 ambako Wajerumani walianza mashindano ya ndege zisizo na injini mwaka 1920. Kileleni kuna kuba kubwa jeupe, mabaki ya rada za Vita Baridi. Upepo ulitoka magharibi, wa kutosha. Nikaishika ndege mkono mmoja, rimoti mkono wa pili, nikatikisa usukani, mkia ukajibu. Nikaridhika! Chombo na redio yake vimeachana urefu wa mikono yangu miwili, nami nimeridhika.

Dakika tano za kwanza zilikuwa raha tupu. Nikailaza kushoto igeuke, na ilipofika mbali juu ya bonde ikaacha kunisikia. Nikavuta kulia. Wapi! Risiva ikipoteza mawasiliano hufanya ilichopangiwa mapema; yangu sikuipangia kitu, basi servo, vile vimota vinavyosogeza usukani, zikabaki pale pale nilipoziacha, na ndege ikaendelea kuzunguka kushoto, duara baada ya duara, ikishuka, hadi ikajikita kwenye malisho ya kondoo. Kondoo mmoja aliinua kichwa, akaendelea kula.

Nikaisingizia rada. Mzee mmoja mstaafu, mwenye kofia iliyopauka kwa jua, alinisaidia kuokota vipande huku akicheka.

"Rada yenyewe iliondolewa zamani, kijana. Siku hizi watu wanapanda mle kutazama mandhari. Antena umeweka wapi?"

Nikamwonyesha. Akaugonga mwili wa ndege kwa ukucha, kisha akanyoosha kidole juu kileleni.

"Ganda la lile kuba lilitengenezwa ili mawimbi yapite. La kwako linayazuia."

Kaboni hupitisha umeme, akanieleza, kwa hiyo mbele ya mawimbi ya redio inafanya kazi ya bati. Nyuzi za kioo hazina neno. Ule waya niliouona ushamba ulikuwa nje ya ganda, ndiyo maana ulisikia. Viantena vyangu viliambulia mabaki yaliyopenya kwenye mfuniko wa pua na matundu ya mabawa: ukiwa karibu yanatosha, ukienda mbali hayatoshi.

Hapo nikamkumbuka baba, Tanga, taarifa ya habari inapoanza, akitoka mbio na redio yake kwenda uani. Nyumba yetu ilikuwa bati ukutani, bati juu, na ndani sauti ilikwaruza tu. Nililala chini ya yale mabati hadi nikawa mtu mzima.

Pua niliiziba kwa gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo, wiki tatu za jioni. Nikatoboa matundu mawili, nikatoa nje zile ncha za antena, sentimita tatu kila moja, moja imesimama na nyingine imelala, ili ndege ikigeuka vyovyote mojawapo isikie. Tukajaribu upya: mzee akaipunguza rimoti nguvu, akaenda nayo hatua 30, nami nikawa naigeuza ndege kila upande, hadi tumbo juu. Mkia haukukosa amri hata moja.

Binti yangu alipoiona mezani akaizunguka mara mbili.

"Baba, mbona imeota sharubu kama kambale?"