Kinshasa bila gari: bonobo, bustani, na samaki niliyemdhania mbuzi

Julai 2023 nilikaa Kinshasa wiki mbili nikingoja karatasi moja tu itiwe sahihi. Kila asubuhi nilijibiwa neno moja: "Lobi." Kwa Kilingala lobi ni kesho, na hilohilo ni jana. Siku ya nne nikaacha kukaa kwenye benchi la watu, nikamwambia binamu yangu anayeishi Lemba: nionyeshe mji wenu, lakini gari la kukodi siliwezi.

Akacheka. Wageni, alisema, hukodi gari la kupanda milima na dereva wake. Nikamjibu kwamba mimi si mgeni, mimi ni mtu wa Bukavu, mashariki ya nchi hii hii. Shemeji akadakia kutoka jikoni: "Ndiyo mgeni huyo!"

Niliyemtaka kwanza ni bonobo, ndugu yake sokwe mtu. Nimekulia karibu na gorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega nisiwahi kulipa kiingilio nikawaona, na sikutaka aibu hiyo inirudie mara ya pili. Lola ya Bonobo iko kusini mwa jiji, Mont-Ngafula, kwenye bonde la mto Lukaya. Lola ni peponi. Kituo hicho kilianzishwa na Claudine André mwaka 1994 kwa ajili ya mayatima: mama anauawa porini kwa nyama, mtoto anauzwa.

Nilipanda teksi ya njano ya kuchangia hadi mzunguko wa Ngaba, kisha pikipiki, ambazo Kinshasa huitwa wewa. Sikio langu la Kiswahili lilisikia "wewe", kwa hiyo kila kijana alipoita nilidhani ananiita mimi. Bei tuliipatana kwa vidole. Baada ya Kimwenza lami inaisha, mchanga unaanza, na pikipiki ikawa inayumba kama mtu aliyetoka harusini. Shukuru Mungu ilikuwa kiangazi. Mvua ikinyesha, njia ile nisingeijaribu. Nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope, nikakuta geti limefungwa. Ilikuwa Jumatatu, siku yao ya kupumzika, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Kijana wa wewa alinitazama, akatazama geti, akataja bei mpya ya kurudi.

Jumatano nikaenda tena. Safari hii nilipatana bei ya kwenda, kungoja na kurudi, na pesa nikaitoa mwishoni. Ukiwa huna gari, fanya hivyo hivyo, maana kule bondeni pikipiki za kurudia hazipiti ovyo.

Ndani unatembea na mwongozaji kando ya uzio, msitu upande wa pili. Nilitarajia dume kubwa lenye kujipiga kifua. Kumbe kwa bonobo majike ndio wenye neno. Dume mmoja alikuwa ameshika muwa, akaja jike, hakupiga kelele wala hakutisha, akauchukua tu, na dume akasogea pembeni kama mume aliyekumbushwa jambo. Halafu tukaonyeshwa wadogo. Kila yatima ana mama wa kibinadamu, mwanamke anayembeba na kumnywesha maziwa kutwa nzima, kwa sababu bonobo mchanga asiposhikwa na mtu hukata tamaa ya kuishi. Mmoja alikuwa amelala shingoni kwa mama wake, vidole vimeng'ang'ania kitenge. Simu nilikuwa nayo mkononi, na picha sikupiga.

Mwongozaji alitueleza kwamba duniani kote bonobo wa porini wako Kongo yetu peke yake, na ni kusini mwa mto Kongo tu. Kaskazini ni sokwe mtu. Hawajui kuogelea, hivyo mto ukawagawa ndugu hao wawili.

Wengi waliniambia niende maporomoko ya Zongo, ambako mto Inkisi huanguka karibu mita 65. Niliacha. Ukifika Sona-Bata unaiacha barabara kuu ya Matadi na kuingia ya udongo, na bila gari la maana unaweza kulala njiani. Badala yake nilipanda basi nikanyoosha na lami hadi Kisantu, kama kilomita 120 kutoka Kinshasa. Pale kuna bustani ya mimea aliyoianzisha Frère Gillet, Mjesuiti, mwaka 1893, na mto unaopita hapo ni Inkisi uleule, ila umetulia. Nilikaa chini ya miti ambayo majina yake siyajui, nikala ndizi na karanga. Kilichonichosha ni kurudi: kutoka Matadi Kibala hadi UPN, pale unapoingia Kinshasa, magari yalisimama, nikashuka nikatembea na bado nikayapita.

Jumapili ya mwisho binamu alinipeleka Kinsuka, mahali mto Kongo unapoacha kuwa ziwa tulivu na kuanza kupigana na mawe. Ng'ambo ni Brazzaville, nchi nyingine, karibu hivyo. Unausikia mto kabla ya kuuona, na ukikaa meza za mbele lazima uongee kwa sauti ya juu. Niliyatazama maji yale nikawaelewa bonobo. Hata mimi nisingevuka.

Mama mwenye jiko akaja kuuliza: "Mbisi?" Nikasikia mbuzi. Nikaitikia kwa furaha, maana nyama choma ya mbuzi sikuwa nimeila tangu nitoke nyumbani. Akaleta majani yaliyofungwa kwa kamba, yamebabuka kwa moto. Nikafungua: samaki mzima, na pilipili, na mvuke ulionipiga usoni. Binamu alicheka mpaka akaweka glasi chini. Mbisi ni samaki, akasema; mbuzi kwao ni ntaba.

"Nimrudishe?" nikamuuliza.

Lakini nilikuwa nimeshamega kwanga, mkate wao wa muhogo.