Inchi Moja ya Mpira

"Baba, mbona lile gari limebinua nyuma?"

Tulikuwa tumesimama kwenye taa. Mbele yetu Chevelle kuukuu, tairi zake pana za nyuma zikionekana nzima chini ya madigadi. Nikajibu, "Ni springi, mwanangu." Lakini akili ilikuwa imesharudi Ohio, kwenye ile Plymouth Duster 340 ya 1970.

Ilitujia gereji ikiwa imeinuliwa kwa shokapu za hewa. Springi zilikuwa zimechoka, zimelala, na mwenyewe hakutaka tairi zikwangue madigadi. Shokapu za hewa ni njia nyepesi: jaza upepo, nyuma inapanda. Shida iko juu zinakofungwa. Pale Duster ina boriti ya bati iliyotengenezwa kupokea mtikisiko, si kubeba uzito wa gari. Tuliikuta imepasuka pande zote mbili, ikabidi ichomelewe kwanza.

Mwenyewe akauliza kama sheko ndefu, vile vyuma vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi, zingetosha. Kwenye Plymouth hazisaidii sana. Ekseli haikai katikati ya springi zake za majani, yaani vyuma bapa virefu vilivyopangana. Imesogezwa mbele ili kipande kifupi cha mbele kizuie difu, kasha la gia lililo kwenye ekseli, kujiviringisha unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo ukirefusha sheko kwa inchi 2, nyuma haipandi hata inchi 1, na gari linaanza kuyumba kwenye kona. Tukachukua springi mpya za majani zenye upinde mkubwa zaidi, za kuongeza inchi 1 na nusu.

Kufunga kulikwenda haraka. Stendi chini ya bodi, jeki chini ya difu, yubolti zinazofunga springi kwenye ekseli nje, springi kuukuu nje, mpya ndani. Kichwa cha senta bolti, ile inayoshika majani pamoja, kikaingia kwenye tundu lake, yubolti zikakazwa kwa kupishana. Nikakaza bolti za mbele na za sheko, tukashusha.

Gari lilikuwa limepanda inchi 2 na nusu.

Mwenyewe alifurahi, akalizunguka akipiga picha. Fundi mwenzangu, mtu wa Tanga, hakufurahi. Alilala chini na tochi, kimya kwa muda, kisha akaniita: "Kaka, hebu njoo uone bushi." Bushi hiyo, mpira wa jicho la mbele la springi, ulikuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa. Bolti zile nilizikaza mimi, magurudumu yakiwa yananing'inia. Mpira ukabanwa katika mkao ule, na uzito ulipokuja juu yake ukawa unasukuma kama springi ya pili. Inchi ile ya ziada ilikuwa ya mpira, na mpira uliosokotwa hivyo haukawii kuchanika.

Akalegeza nati ya kushoto. Kukatoka mlio mzito, mrefu, kama mlango mkubwa wa mbao unaofunguliwa baada ya miaka, na nyuma ya gari ikashuka polepole mbele ya macho yetu. Hakuna aliyesema neno. Kulia nako vivyo hivyo, kisha sheko. Tukalitikisa mara kadhaa likae, ndipo tukakaza upya, uzito wote ukiwa juu ya magurudumu. Tukapima kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa madigadi: kulia limepanda inchi 1 na nusu, kushoto pungufu kwa robo. Robo ile hatukuipatia sababu.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida: kabari za digrii 2 kurekebisha pembe ya difu ili propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, isitetemeke, taa za mbele kuinuliwa kwa sababu pua imeinama, kisha kupimisha magurudumu.

Mwenyewe akauliza kama ile inchi inaweza kurudi. Nikakataa, nikamwonyesha bushi. Alilipa akaondoka. Sijui kama aliniamini, au alimtafuta mwingine wa kumpandishia.

"Springi gani?" mtoto akauliza, taa ikiwa imeshageuka kijani.

Chevelle nyuma ina springi za koili, haina sheko. Nikaanza na hizo, na bushi za mikono inayoshika ekseli yake, ambazo nazo hukazwa gari likiwa limekanyaga chini.