Nimejaza, baba

Maneno mawili yamenikaa kooni tangu Jumatatu. Nimelala nayo, nimefundisha nayo, na hata Jumatano, tulipokwenda Urambo kumzika shangazi, njia nzima nilikuwa nayo.

Jumatatu hiyo jioni baba alikuwa kibarazani na redio yake. Nilipozima gari akaniuliza ile taa ya manjano ya kuonya upepo wa matairi imekwenda wapi, maana Ijumaa aliiona nilipompeleka sokoni.

"Imezimika, baba."

"Imezimika, au umeizima?"

"Nimeiseti."

"Upepo umejaza?"

"Nimejaza, baba."

Akalitazama tairi la nyuma kushoto. Akasema, "Haya, mama," akarudi kwenye redio yake.

Sikuwa nimejaza. Mnamjua baba: kaendesha malori njia ya Mpanda enzi za vumbi, na tairi analijua kwa kulipiga teke. Ile "haya" naisikia mpaka sasa.

Asubuhi ya siku hiyo baridi ya Julai ilikuwa kali, nami nilikuwa nimechelewa. Nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikashikilia kitufe kilicho chini ya usukani mpaka taa ikapepesa mara tatu. Ikazimika, nikaenda zangu shule.

Kinachonichoma ni kwamba najua kitufe kile kinafanya nini. Gari langu halina kipima upepo ndani ya matairi kama mengine. Linafuatilia mizunguko ya magurudumu kwa vihisi vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki. Tairi likipungua upepo, duara lake hupungua kidogo, nalo huzunguka haraka kuliko wenzake. Ukibonyeza kitufe unaliambia gari: hali hii ndiyo sahihi, ikariri. Mimi mwalimu nimelikaririsha jibu la uongo, kisha nikamjibu baba uongo uleule. Na wanangu wanakaa kiti cha nyuma.

Jana Jumamosi niliamka kabla ya jua. Ijumaa nilikuwa nimeazima geji kwa kijana wa pancha pale Ipuli, kwa sababu upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, gari halijatembea. Ukipima mchana baada ya safari, joto linakudanganya. Na asubuhi ya baridi hewa husinyaa, kila nyuzi 10 zikishuka geji hushuka paundi moja na nusu hadi mbili. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema kilopaskali 220, yaani paundi 32. (Jamani, ile namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wa tairi. Msijaze kwa kuifuata hiyo.)

Mbele 29 na 28. Nyuma kulia 28. Nyuma kushoto 21.

Nikajaza kwa pampu ya mguu mpaka jasho likanitoka, nikaenda kwa yule kijana. Akapaka povu la sabuni kwenye valvu, kikatokea kiputo kidogo, kikakua. Akabadilisha valvu, akajaza 32. Hapo ndipo nikabonyeza kitufe upya, nikaendesha taratibu hadi Kwihara na kurudi. Sikumbuki lini mara ya mwisho usukani ulikuwa mwepesi hivyo. Niliimba.

Nilipofika nyumbani nikamwambia baba yote, tangu Jumatatu. Hakunigombeza. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo geji. Spea umepima?"

Sikuwa nimepima. Ile spea nyembamba inataka 60, tulikuta 34. Akashika geji yeye, mimi nikapampu, tukamaliza saa nne chai ikiwa imepoa, na nilifurahi kuliko siku yoyote ya wiki hii.

Leo jirani kaanza kukata matawi ya mwembe wa mpakani. Anasema ni matawi tu, lakini nimeona kamba imefungwa kwenye shina, na baba bado hajatoka nje.