Umenichorea Dume

Mwaka 2006 nilikwenda semina kwa sababu ya posho, sifichi. Nilikuwa nachora Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali na madoadoa, pale Oysterbay, Dar es Salaam, biashara imelala, ndipo mzee mmoja wa kazini akasema kuna watu wa malaria wanatafuta wachoraji wa kukaa nao siku nne.

Ulikuwa wakati wa hati punguzo: mjamzito anapewa kliniki, akanunulie chandarua kwa bei nafuu. Mabango yalihitajika kila kona. Zamani kazi za namna hiyo tuliletewa zikiwa zimeshachorwa, sisi tunajaza rangi tu kama watoto wa chekechea. Safari hii walitaka mchoraji na mtaalamu wakae meza moja tangu mwanzo.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa hotuba, sikumbuki hata moja. Mchana tukapangwa wawili wawili. Mimi nikaangukia kwa dada mmoja mtaalamu wa wadudu, mpole, maneno machache. Kazi: chora mbu wa malaria. Nikacheka moyoni. Tembo nawachora nimefumba macho, mbu ndiye atanishinda?

Rangi yetu ya mafuta haina haraka kukauka, kwa hiyo mbu wangu alikamilika siku ya pili. Alikuwa mbu wa haja. Amelala sambamba na ukuta, vipapasio vimechanua kama mkia wa jogoo, mabawa yana madoa, chini yake mtaro mchafu umejaa maganda na chupa.

Dada akaangalia, akaangalia tena.

"Fundi, umenichorea dume."

"Dume ana kosa gani?"

"Haumi mtu. Dume anakunywa maji matamu ya maua, basi."

Akatoa mkobani kikombe cha karatasi, mdomo wake umefunikwa kipande cha chandarua na kukazwa kwa mpira. Ndani, mbu hai. Akanipa lenzi. Kweli, mmoja ana manyoya kichwani, mwenzake karibu hana kitu. Na walivyosimama! Kichwa chini, mkia juu, kama mtoto anayechungulia uvunguni.

"Na huo mtaro futa," akasema. "Wa mtaroni ni mbu mwingine, huyo ndiye anayetuletea matende huku pwani. Wa malaria anapenda maji masafi yanayopigwa jua. Unyayo wa ng'ombe ukijaa mvua unamtosha."

"Na madoa ya mabawani?"

"Hayo umepatia. Anayo."

Sikumwambia kwamba niliyaweka kwa sababu Tingatinga bila madoa haiuziki.

Zamu yangu ikaja. Alikuwa na mchoro wake wa jinsi malaria inavyozunguka: duara, mishale, mbu, ini, damu, mbu tena. Nikamwambia, "Dada, mama yangu kule Mbagala akiona mshale anajua choo kiko upande huo." Akacheka hadi akavua miwani. Nikamchorea chandarua kama tunavyokiona majumbani: kimefungwa kwa uzi kwenye msumari, watoto watatu kitanda kimoja na mama yao, na mguu wa mmoja umetokeza nje.

Mguu ukaleta ugomvi. Yeye: ukichora mguu nje, watu watadhani ni ruhusa. Mimi: ukiuficha, hakuna atakayeamini kwamba hicho ni chumba chake. Chai ikapoa mbele yetu. Mwishowe akachukua penseli yangu, yeye asiyejua kuchora, akaweka mkono wa mama, macho nusu yamefumba, unauvuta mguu ndani. Mkono ulikuwa kama mwiko. Lakini wazo lilikuwa lenyewe, mimi nikaunyoosha tu.

Siku ya nne ilikuwa ya ankara na mikataba. Somo hilo lingenikuta mapema, nisingedhulumiwa mara nyingi kiasi kile.

Yule dume nilirudi naye Oysterbay nikamning'iniza kati ya twiga wawili. Wiki iliyofuata akanunuliwa na mtalii. Aliuliza bei tu.